Mihogo ya Mpakani mwa Msitu

Watu wa Mzenga wakikuambia kwamba Benedikta alitaka kumuua mumewe kwa mihogo, wasikilize mpaka mwisho, kisha waulize: ninyi mlikuwapo? Hawakuwapo. Mtu wa huku ukimpa nusu ya habari, nusu nyingine anaitunga mwenyewe njiani, na akifika nyumbani kwake habari imeshanona. Hebu kaa, uisikie tangu ilipoanzia.

Benedikta ni mzaliwa wa hapahapa, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kigangoni, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa na ulimi usio na mlango. Mumewe, Laurean, alikuja kutoka bara akiwa kijana, shoka begani, akifuata mkaa. Enzi hizo kilima kilichopo nyuma ya shamba lao kilikuwa msitu kweli, siyo mchezo. Laurean na wenzake waliuchoma wote. Mkaa ukapanda malori ukaenda Maili Moja, mwingine ukapitiliza mpaka Dar, watu wakapikia maharage yao wakashiba. Laurean alikuwa hodari wa tanuri, na kwa tanuri hilo alijenga nyumba ya bati, akaoa, akamsomesha binti yao Herieth. Nani angeona kosa? Mkaa ndio uliokuwa ugali wa kila mtu.

Kosa lilijitokeza bondeni. Kijito kilichotokea chini ya kilima kilianza kukauka kila kiangazi, mwishowe kikawa kinakauka hata masika hayajaaga. Mpunga ukakataa. Benedikta na mumewe walikuwa na majaruba pale, ya urithi wa mama yake Benedikta, na walipoona yamepasukapasuka wakamuuzia jirani yao Mudathir ili Herieth amalize chuo cha ualimu. Mudathir alichekwa sana, watu wakasema kanunua nyufa. Kwao Benedikta likabaki shamba la mlimani, la mihogo, lililopakana na kilima kilichonyolewa kama kichwa cha mfiwa.

Ndipo wakaja watu wa mradi wa kurudisha misitu na mikutano yao. Kijiji kikakubali kilima kipumzike: hakuna shoka, hakuna moto, hakuna mbuzi. Visiki viachwe vichipue. Wakatafutwa walinzi wa kujitolea, na unajua nani alinyoosha mkono wa kwanza? Laurean! Mkutano mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alisema leo fisi kapewa bucha. Lakini kama kuna mtu aliyewahi kutubu kwa miguu na mikono, ni yule bwana. Kila alfajiri yumo kilimani. Akikuta kisiki kimechipua anakipunguzia machipukizi kama anayepalilia, anabakiza moja lenye nguvu. Alivijua visiki vyote kwa sababu vingi alivikata yeye.

Miaka ikapita, kilima kikafunga kwa miti. Na maji yakarudi. Wallahi yalirudi, hata asiyeamini aliyakanyaga kwa miguu yake. Bonde likalowa, Mudathir akavuna mpunga hadi akakosa pa kuuweka, mkewe Nuria akawa anapeleka mchicha na bamia Maili Moja kila wiki. Waliomcheka sasa walikuwa wanamwomba kipande cha kulima. Benedikta alikuwa akipita kwenye majaruba ya mama yake, akiyaona yamejaa maji, anasalimia, anajibiwa vizuri, anapita. Hakumwonea Mudathir kijicho. Aliumia tu, na kuumia si dhambi.

Maji lakini hayakurudi peke yake. Msitu ukiwa msitu una wenyewe. Walianza ngedere, wakafuata nguruwe mwitu, na nguruwe mwitu hana habari na mpunga uliosimama kwenye maji kule chini. Yeye anataka muhogo, tena muhogo wa jirani, wa kushuka hatua mbili tatu akiwa ametoka kichakani. Jirani ni nani? Benedikta. Kwa hiyo msitu uleule uliomshibisha Mudathir ulikuwa unamla Benedikta, na aliyeulinda msitu huo usiku na mchana ni mume wa Benedikta. Hapo ndipo penye ugomvi wote, usitafute kwingine.

Alipolalamika mkutanoni, kijana wa mradi alimweleza kwa upole kwamba kurudi kwa nguruwe ni dalili ya afya. Benedikta akasimama.

"Afya ya nani, mwanangu?"

Watu wakacheka, kijana naye akacheka, mwisho wa habari. Wakaambiwa wapige madebe kuwafukuza nguruwe.

Laurean alijenga dungu katikati ya shamba, wakawa wanapokezana kulinda. Ila Benedikta alimjua mumewe. Akiwa juu ya dungu, uso unatazama mihogo, masikio yako kilimani. Kilichomtesa Benedikta hakikuwa nguruwe hasa. Kilikuwa swali moja alilokuwa akilala nalo na kuamka nalo: siku shamba na msitu vikiita kwa pamoja, huyu mwanamume ataitika wapi? Shamba lilikuwa ndilo lao pekee. Likienda, wataanza kununua unga dukani, na hawakuwa watu wa kununua unga.

Bibi mmoja wa upande wa pili wa reli ndiye aliyempa dawa.

"Msitu ulipokuwepo zamani, mbona tulilima?" bibi alimwambia. "Tulizungushia michungu. Nguruwe akionja mara moja anageuza. Ninyi mlisahau kwa sababu msitu mliumaliza."

Akampa pingili za mihogo michungu, Benedikta akazipanda mistari mitatu kuzunguka shamba lote, mitamu ikakaa ndani. Naye hakuwa mgeni wa muhogo mchungu. Marehemu mama yake alimfundisha: haupikwi hivihivi. Unaumenya, unauloweka siku kadhaa, unauanika ukawa makopa, ndipo unausaga. Ukiuchemsha kama mtamu ukala, unakufa. Ukiwa shambani unautambua kwa vikonyo vya majani, vyekundu. Ukishang'olewa, macho peke yake hayakusaidii sana.

Mwaka ule mihogo ilikubali vizuri mno. Nguruwe walikuja, wakaonja mpakani, wakageuza. Benedikta akaanza hata kuimba shambani. Herieth, ambaye anafundisha Kibaha na kuishi Tangini, akapiga simu: mtoto anabatizwa Jumapili, mama usipokuja sikuelewi. Benedikta akafunga khanga zake mpya. Lakini kabla hajatoka alimfuata mumewe nyuma ya nyumba.

"Baba Herieth, nakuomba kitu kimoja tu. Usitoke shambani."

"Nitoke niende wapi?"

"Unapajua pa kwenda."

Laurean akacheka, akamwahidi. Tena akaapa kwa jina la mjukuu.

Kule Tangini walibatiza, wakala pilau, wakacheza mpaka bibi wa mtoto akavua viatu. Jumatatu asubuhi Benedikta akarudi kwa njia ya Mlandizi, mkononi ana mfuko wa maandazi aliyomfungia mumewe. Alishuka, akakata kona ya mwembe, akaliona shamba.

Sijui nikuelezeje. Lilikuwa limelimwa, ila si kwa jembe. Nguruwe walikuwa wamepata mahali wakapenya kwenye michungu kwa nguvu, wakaing'oa na kuisukuma pembeni, kisha wakaingia kwenye mitamu wakajifaidi. Mashina yamelala huku na huku, mihogo imetafunwa nusu, mingine imekanyagwa matopeni. Na Laurean alikuwa amesimama kandokando ya dungu, nguo zimechanika, mkono una jeraha.

"Walikuja wakata mkaa," akasema hata kabla ya salamu. "Nilisikia mashoka kilimani, Mama Herieth. Watu wengi. Ningefanyaje? Nikapanda. Tumekimbizana nao mpaka kumekucha. Lakini namshukuru Mungu, hawakuangusha hata mti mmoja."

Angeishia kwenye jeraha, pengine yasingetokea yaliyotokea. Hilo neno la mwisho, na jinsi alivyolisema, na kafahari kadogo usoni, ndilo lililomwasha Benedikta.

"Hata mti mmoja! Na hapa imeanguka mingapi? Hesabu! Umeshindwa kuhesabu hii?"

"Mti ukikatwa, Mama Herieth, mpaka uje urudi..."

"Nenda ukaoe mti basi! Nenda ukamwambie mti akupikie!" Sauti yake ilifika hadi bondeni. "Sasa nisikilize. Kuanzia leo chakula cha nyumba hii usikitie neno. Usiseme hakina chumvi, usiseme kibichi, usiseme kimefanya nini. Nitakachoweka utakula, utamaliza, utanyamaza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Shenzi."

Neno hilo hakuwahi kumwambia tangu waoane. Lilipomtoka aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira badala ya kuipunguza. Hasira hasara, wahenga walikwisha kusema, lakini nani humkumbuka mhenga akiwa na moto kifuani?

Majirani walisikia, wakaja. Huku kwetu muhogo uliojeruhiwa hausubiri. Kesho unakuwa na michirizi myeusi, keshokutwa umeoza. Kwa hiyo shamba likivamiwa, wanawake wanakuja na vikapu kumwokotezea mwenzao kilichobaki, bila kuitwa. Walikuja wa kigangoni, akaja Nuria na wenzake watatu kutoka bondeni. Wa kigangoni wakaokota iliyotafunwa, wakakata sehemu yenye meno, wakabakiza iliyo nzima. Nuria na wenzake ni Waislamu. Mdomo wa nguruwe kwao ni najisi, hawawezi kugusa. Hakuna aliyewasema kwa hilo, tumekaa pamoja muda mrefu, kila mtu anajua mpaka wa mwenziwe. Wao wakapita wakichagua mihogo mizima tu, isiyo na alama hata ya jino moja. Walikusanya kikapu kikajaa. Nuria akakibeba mwenyewe hadi mlangoni pa jiko, akakiweka chini.

"Mama Herieth, hii ni safi," akasema. "Haijaguswa."

Haijaguswa! Sasa wewe unayesikiliza ukiwa umetulia umeshaelewa kwa nini nguruwe hakuigusa. Nuria hakuelewa. Yeye ni mtu wa mpunga, mihogo michungu hajawahi kuilima, na moyo wake ulikuwa kwenye kumpa mwenzake kilicho kisafi. Na Benedikta? Benedikta aliijua michungu tangu utotoni. Lakini siku ile hasira ilimfumba macho. Alivuta kikapu, akamenya, akakata, akatupia sufuriani, akakoka moto kama anayemchapa mtu.

Ilipoiva akamwandalia Laurean mezani, sahani imejaa, na chai ya rangi. Yeye akasusa. Akakaa kizingitini, mgongo ameugeuzia ndani, akawa anachambua mchele ambao hata haukuwa wa kupikwa siku ile. Alimsikia mumewe akinawa. Alimsikia akitafuna. Akamsikia akinywa chai kwa pupa, kisha akitafuna tena. Hakugeuka. Aliwaza: ale. Msitu wake umekula, naye ale, ajue ladha ya hasara. Ndivyo alivyowaza, na sikufichi, maana yeye mwenyewe hakuficha.

Laurean alimaliza sahani. Akasema ahsante. Akasimama atoke nje, akashika ukuta, akasema kichwa kinazunguka. Benedikta akadhani ni usingizi wa kukesha, akamwambia akalale. Hakufika kitandani. Alitapika, akaanguka palepale ukumbini, pumzi zikawa zinamtoka mbiombio kama mtu anayefukuzwa.

Benedikta alikimbilia jikoni kutafuta maji, na kwenye sufuria kulikuwa kumebaki kipande kimoja. Sijui nini kilimtuma. Alikitia mdomoni. Uchungu ulimpanda hadi masikioni. Akakitema, akapiga yowe ambalo watu walidhani mtu amekwisha kufa.

"Nimemuua! Nimemuua Baba Herieth!"

Na hayo ndiyo maneno ambayo majirani waliyasikia kwa masikio yao, wakayabeba.

Mudathir alikuja na pikipiki. Wakamweka Laurean katikati, kijana mmoja akamshika kwa nyuma, wakaenda zahanati. Pale wakamtundikia dripu, wakatafuta gari, likawapeleka Kibaha. Njia nzima Benedikta alikuwa amepakata kichwa cha mumewe, na kila kikitulia alikuwa anakitikisa kwa kuogopa kimetulia moja kwa moja.

Kule hospitali walimwekea hewa, wakahangaika naye. Muuguzi akatoka kuuliza.

"Alikula nini?"

"Mihogo. Michungu."

"Nani alipika?"

"Mimi."

"Wengine mliokula wako wapi?"

"Alikula peke yake," Benedikta akasema. Herieth alikuwa ameshafika kutoka Tangini, amesimama palepale na mtoto mgongoni, akisikia. Muuguzi alipoingia ndani, Herieth akamgeukia mama yake. Aliuliza polepole, bila ukali wowote.

"Mama, wewe hukula?"

"Nilisusa. Tuligombana."

Herieth akatikisa kichwa kukubali. Lakini Benedikta ni mama yake, aliyemzaa. Aliona kabisa kwamba kichwa kimekubali na macho yamebaki nyuma. Alilia siku ile kuliko siku aliyomzika mama yake.

Laurean alizinduka kesho yake mchana. Hakufa, namshukuru Mungu, ingawa hata leo mkono wa kushoto unatetemeka na kupanda kilima hawezi. Walipoachwa wawili, Benedikta akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba Herieth, ule uchungu hukuusikia?"

"Niliusikia."

"Tangu lini?"

"Tangu tonge la kwanza. Nikasema moyoni, nikitema utasema nimekitia neno chakula chako. Uliniambia nile, nimalize, ninyamaze. Na haki ulikuwa nayo. Niliapa nikatoka shambani. Nikaona, ah, uchungu tu huu, ngoja nimeze."

"Ulijua ni michungu?"

"Nilidhani umeiloweka," Laurean akasema. "Nilidhani unajua unachofanya."

Basi. Kwa maneno hayo hakumlaumu, lakini Benedikta hajayasahau. Maana amejiuliza mara nyingi kuliko Mzenga nzima ikiunganishwa: mikono hii iliyomenya michungu tangu utoto, siku ile iliposhika ganda lile haikujua? Au ilijua ikanyamaza, kwa sababu mwenyewe alikuwa na hasira? Anaapa haikujua. Anaapa kwa kila kitu. Kisha usingizi unakataa, na anaapa upya.

Nuria alikuja kulia kwa Benedikta, akaenda kulia kisimani mbele ya wanawake wote, akaeleza kikapu kilivyokuwa, nani alichagua, nani alikiweka mlangoni. Kila mtu alimwelewa. Wakamwambia pole, Nuria, hukukusudia. Wakishamaliza kumsamehe Nuria wanageukiana: lakini mbona Benedikta mwenyewe hakula? Hilo swali halina jawabu litakalowatosha, na wala usijisumbue kulitafuta. Kigangoni bado anaimba, ila wanaoketi karibu naye wamepungua.

Kilima kinaendelea kufunga. Kijana wa mradi alikuja akapiga picha, akasikitika, akaandika kwamba wakulima wa mpakani wanahitaji kufikiriwa. Wanafikiriwa bado. Mlinzi mwingine amewekwa mahali pa Laurean, mtu anayechelewa kuamka, na Laurean akiwa kibarazani hutega sikio kila upepo ukitoka upande ule. Shamba la mlimani Benedikta ameliacha. Michungu imejiotea mpakani yenyewe, na huko ndani sasa kuna miche ya miti.

Mudathir ndiye aliyewapa majaruba mawili ya kulima, yale yale ya mama yake Benedikta, bila kudai chochote. Masika yalipopita walivuna mpunga. Maji ya msitu wa Laurean yaliutunza vizuri, punje nene, harufu ikapanda tangu ulipokuwa ukikobolewa. Benedikta aliupika siku ileile, na mchicha wa nazi pembeni. Akaandaa mkekani, wakakaa wote wawili, akamnawisha mumewe mkono ule mzima.

Kisha, kabla ya yote, akachota wali kidogo akala yeye. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Anafanya kila mlo tangu walipotoka Kibaha.

"Acha hayo, Mama Herieth," Laurean akamwambia kwa upole. "Usionje. Mimi nakuamini."

Alisema hivyo, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Lakini mkono wake aliuweka mapajani, hakuunyoosha mpaka alipoona koo la mkewe limemeza.